Mchoro wa Kofia

Mtaalamu alikuwa na tabia ya kusikiliza kile kimya kidogo kinachopita kati ya shikamoo na marahaba. Wengi wetu hatujui hata kama kipo. Yeye alimwamkia mzee barazani, akainamisha kichwa, akakisubiri, na marahaba ilipofika alitikisa kichwa kama mtu aliyeonja mchuzi na kuukuta na chumvi ya kutosha.

"Mtu akikuitikia upesi mno, hakukusikia," aliniambia asubuhi moja. "Akikuitikia kwa kuchelewa, yuko mbali, hata kama mmesimama mlango mmoja. Umbali wa mtu umo kwenye kuchelewa kwake."

Nilikuwa nageuza vitumbua. Nikamwambia, "Basi mimi naishi mbali sana, maana kila ukiniita nachelewa."

"Wewe uko karibu," akasema. "Wewe una haya. Huko ni kuchelewa kwa aina nyingine, na masikio yangu yanakutambua."

Tulikuwa wapangaji wa nyumba moja Kariakoo, nyuma ya Mtaa wa Msimbazi, nyumba ya ukumbi katikati na vyumba huku na huku kama zilivyokuwa zote. Yeye alikaa chumba cha mbele chenye dirisha la barabarani, kwa ajili ya mwanga. Sisi tulikaa chumba cha uani, karibu na jiko na choo. Baba na mama walitutoka mmoja akimfuata mwenzake, kabla hatujakunja vizuri mikeka ya matanga ya kwanza, nami nikaacha shule nikashika kikaango. Nilikuwa mkubwa. Baada yangu alikuwepo Zuhura, na baada ya Zuhura wadogo wawili ambao bado walilala wakinyonya vidole.

Siwezi kusema Mtaalamu alizaliwa wapi au alikuwa mtu wa ukoo gani. Sikumuuliza, kwa kuwa mimi mwenyewe sikupenda kuulizwa wazazi wangu wako wapi. Nadhani ndiyo maana tulielewana. Yeye alikuwa rika la baba yangu, lakini aliniita Dada Mkubwa kama walivyoniita wadogo zangu, na hakulitamka kwa dhihaka.

Nyumbani kwetu kulikuwa na sheria moja, na niliitunga mimi: yatima hangoji kuambiwa. Ukiona kombo, nyoosha. Ukiona doa, futa. Fanya kabla mwenye kitu hajafungua mdomo. Nilijua macho ya watu yanavyowatazama watoto wasio na mama, yanatafuta ukosi uliochakaa, yanatafuta mahali pa kusema, "Unaona? Hawakupata wa kuwafunza." Sikutaka wapapate. Zuhura alipokuwa mdogo nilimfumulisha mshono mpaka kona ya mto ikae kona. Alilia, akafuma tena, akajua.

Mtaalamu alifanya kazi katika karakana moja ya serikali ambayo hakuwahi kuitaja, nasi hatukuitaja. Alikuwa amesoma ng'ambo, huko kwenye theluji, na kitu pekee alichorudi nacho ambacho sisi tulikiona ni kuogopa maji baridi. Siku moja balozi wetu wa nyumba kumi aliitisha kikao uani kwetu. Akaanza kupitia kazi za watu.

"Hapa kila mmoja anajulikana," balozi alisema. "Huyu yuko bandarini. Huyu ni fundi viatu. Huyu dada ni vitumbua. Sasa wewe, ndugu Mtaalamu, kila siku unatoka na mkoba, unarudi na mkoba. Kazi yako hasa ni nini?"

Mtaalamu aliwaza. Hakuwa na kipaji cha kusema uongo wa haraka. Mwisho akasema, "Nachelewesha mawimbi."

Uani pakalipuka kwa kicheko.

"Nenda Feri basi ukayacheleweshe," alipaza sauti mtu wa bandarini, "wavuvi watakuombea dua!"

Mama mwenye nyumba alijifuta machozi kwa pembe ya kanga. "Maofisini wote wanachelewesha, jamani. Huyu ndiye wa kwanza kukiri."

"Ndugu, hatukuja hapa kuitania Serikali," balozi alikemea, naye tumbo likimcheza chini ya shati.

Tangu siku ile mtaa ulimwita Bwana Chelewa. Watoto walimfuata wakiimba. Ndani ya chumba chetu niliwakataza wadogo zangu jina hilo, nao wakatii, lakini ningekuwa mwongo nikisema siku ya kikao mimi sikucheka. Nilicheka ndani ya kanga yangu mpaka mbavu zikauma.

Na mtu mwenyewe hakuwa wa kuchelewa hata kidogo. Kwenye foleni ya sukari, ambako wengine tuliweka jiwe likatushikia nafasi tukaenda zetu, yeye alisimama mwenyewe kwa miguu yake, kwa sababu alisema jiwe haliwezi kumwamkia aliye nyuma yake. Alikuwa na mkono wa kukata karatasi kwa wembe bila kutetemeka, mkato mwembamba kuliko uzi, lakini vifungo vya shati alivifunga kombo, kila siku, tundu moja chini. Alisoma vitabu vya hesabu akiwa anakula, na hakuweza kusonga ugali. Alichukia sigara, lakini aliokota pakiti tupu za sigara mbele ya watu wazima, barabarani, bila aibu, akazifungua na kutoa ile karatasi ya kung'aa. Alikata vipande vyake vidogo kama punje ya mchele, akavinyanyua kwa kijiti cha meno na kuvigusisha hapa na pale juu ya vyombo vyake, kutafuta mahali ambapo mawimbi yangekubali. Watu waliomwona akiinama mtaroni walidhani ni mvutaji aliyefilisika.

Mimi ndiye niliyemuuliza kwa nini kuyachelewesha. Alinitazama kama mtu aliyefunguliwa mlango. Hakunijibu pale. Jioni alituchukua mimi na wadogo zangu mpaka Mnazi Mmoja, ambako vijana walikuwa wakifanya mazoezi ya gwaride kwa ajili ya sherehe.

"Tazameni mstari unavyogeuka," alisema. "Yule wa ndani kabisa anafanya nini?"

"Anakanyaga palepale," akasema Zuhura.

"Anachelewa. Wa pili anachelewa kidogo zaidi ya wa tatu. Wa tatu zaidi ya wa nne. Yule wa nje hachelewi hata kidogo, anatembea hatua ndefu. Hakuna aliyeusukuma mstari, lakini angalia, wote sasa wanaelekea kwingine."

Ndivyo alivyofanya na mawimbi. Chombo alichokuwa akikibuni kilikuwa na antena ndogo nyingi zilizopangwa safu moja, zimetulia, hazizunguki. Kila moja ililetewa wimbi kwa njia yake, na kwenye kila njia aliweka vijia viwili, kifupi na kirefu, na swichi ndogo ya umeme ya kuchagua. Wimbi likipita kirefu linachelewa sehemu ya hatua: nusu, au robo, au nusu ya robo. Ukichagua vizuri, safu nzima inatazama kushoto au kulia, kama gwaride, wala hakuna chuma kilichosogea. Chombo kinaweza kuona kitu kinachokuja kutoka mbali bila kugeuza shingo. Kinatuma wimbi, wimbi linagonga kitu, linarudi, na kule kuchelewa kwake kurudi ndiko kunakosema kitu kiko mbali kiasi gani. Neno rada hakulitamka. Nililijua baadaye, nikaunganisha mwenyewe.

Mawimbi yenyewe, alisema, yanatikisika upesi mno, mara nyingi kupita hesabu ya kichwa changu, na kwa hiyo kosa la unene wa unywele ni kosa kubwa. Vijia vyake vilikuwa mistari ya shaba iliyobandikwa juu ya ubao mwembamba maalumu. Kwanza alivichora kwa wino mweusi kwenye karatasi kubwa, vikubwa mara nyingi kuliko vitakavyokuwa, ili mkono uweze. Mistari ilipanda, ikashuka, ikapinda, na mahali pote ilipopinda, ile ncha ya nje ya kona aliikata mshazari. Nilipomwuliza kwa nini asiiache kona iwe kona, alifurahi kama kawaida yake mtu akimwuliza.

"Wimbi likikutana na kona kali linashtuka. Jingine linapita, jingine linarudi lilikotoka na kwenda kugombana na wenzake. Ukiikata ncha, halishtuki, linapita lote." Akacheka. "Madereva wa Dar wanasema wanakata kona, lakini kona wanaiacha palepale. Mimi ndiye ninayeikata kweli."

Ikawa msemo wake. Mama mwenye nyumba akimfokea mpangaji, Mtaalamu alipita akisema taratibu, "Kata kona, mama, kata kona, litakurudia." Na mimi nikiwafokea wadogo zangu alinitazama tu, akaonyesha mkasi kwa vidole viwili.

Sasa nieleze habari ya Zuhura. Alikuwa amekwisha kuwa msichana mkubwa, na Mtaalamu ndiye aliyemwombea kazi kwenye studio ya picha karibu na soko. Mwenye studio alikuwa mzee wa Kihindi, mpole, mwenye kamera kubwa ya mbao iliyosimama kwa miguu mitatu kama mbuzi aliyepoteza mmoja. Zuhura alikaa nyuma ya pazia akisafisha picha. Kwa brashi ya nywele chache na penseli iliyochongwa mpaka ikawa sindano, alifuta makovu ya ndui, aliziba mapengo, alinyoosha kola za mabwana harusi. Watu walitoka Ilala na Magomeni kuja kupigwa picha pale kwa sababu walijua watatoka wazuri kuliko walivyoingia. Nilijivuna. Nilipopita na beseni langu la vitumbua, nilipunguza mwendo mbele ya kioo cha studio nizione nyuso alizozitengeneza mdogo wangu.

Karakana ya Mtaalamu haikuwa na kamera ya kupunguza mchoro. Iliyokuwepo ilikosa kipuri, na kipuri kilikosa fedha za kigeni, kama vitu vyote siku zile. Akakumbuka kamera ya mbao. Aliukunja mchoro wake, akaupeleka studio, na kwa kuwa kazi ile haikutakiwa kujulikana, alimwambia mwenye studio kwamba ni mchoro wa nakshi za kofia, mteja anataka upunguzwe.

Zuhura alitusimulia jioni ile huku akicheka. Mzee wa studio aliutandaza mezani, akavaa miwani, akavua. "Kofia gani hii, bwana? Hii kofia ya mtu kichwa mraba!" Mtaalamu alikuwa ameshatoka jasho. Alisema ni mtindo wa kisasa.

Mengine Zuhura hakuyasimulia, kwa sababu kwake hayakuwa habari.

Ubao wa shaba ambao mchoro uliopunguzwa ungehamishiwa ulikuwa mmoja. Ulitoka ng'ambo, na ili upatikane mwingine ingebidi mtu aandike barua kwa mtu amwandikie mtu. Siku ilikuwa imepangwa: wakubwa wangekuja kukiona chombo, wakikubali Mtaalamu ataendelea, wakikataa kitanunuliwa kilichotengenezwa tayari nje na kazi yake yote itawekwa kabatini. Jambo hilo aliniambia mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayesema hali ya hewa. Lakini aliniletea shati nilipige pasi, na alipokuja kulichukua alikuwa amevaa lingine ambalo vifungo vilikuwa sawasawa. Hapo nilijua jinsi alivyoogopa.

Siku moja kabla ya wakubwa kuja, hakwenda kazini. Alikaa kwenye ngazi ya mbele, kwenye jua, na ule ubao mapajani, lenzi jichoni, wembe mkononi, akikwangua. Nilimwona nikienda, nikamwona nikirudi. Mgongo wake ulikuwa umelowa.

"Unafanya nini, Mtaalamu?"

"Nakata kona, Dada Mkubwa."

"Si ulishazikata?"

Alichelewa kunijibu. Mimi sina masikio yake, lakini hata mimi nilisikia kwamba amechelewa.

"Kuna nyingine zilijificha," akasema.

"Waambie wasogeze siku, basi. Wewe si ndiye mwenye kuchelewesha?" Nilitania. Namna hiyo ndiyo tuliyokuwa tukitaniana.

"Wataniuliza kwa nini," alijibu, akarudi kwenye lenzi yake. "Na wakianza kuuliza, wataulizana mpaka Kariakoo."

Sikuelewa. Nilimwekea vitumbua kwenye sahani, nikavifunika.

Kesho yake alirudi kwa miguu mchana, mkoba kwapani, shati nililolipiga pasi limekwisha kukunjamana. Watoto walimwimbia Bwana Chelewa tangu kona ya mtaa mpaka mlangoni. Nikamfuata ukumbini.

"Vipi?"

"Imekataa kugeuka," alisema. "Imetazama kila upande kwa pamoja, kama kuku aliyeona mwewe." Akajaribu kucheka. "Wamesema labda mimi nafaa zaidi kwenye vipaza sauti."

Hawakutania. Walimhamishia kwenye vipaza sauti vya mikutano. Mtu aliyekuwa akibuni chombo cha kuona mpakani akawa anapanda ngazi kufunga tarumbeta za bati juu ya nguzo za Mnazi Mmoja. Alifanya kazi ile kwa bidii ileile. Kuna siku msemaji alikuwa akihutubia na hakuna aliyemsikia katikati ya uwanja, japo vipaza viwili vilikuwa vikinguruma. Mtaalamu alipanda, akabadilisha nyaya za kimoja, huku kwa huku, na sauti ikaja yote. Aliniambia vilikuwa vikiuana, kimoja kikivuta wakati kingine kinasukuma. Aliposhuka msemaji alimwuliza mbele ya watu kwa nini amechelewa kutengeneza. Uwanja mzima ulicheka. Yeye aliinamisha kichwa, akasema samahani, mzee.

Miaka ilikwenda. Mtaalamu akapata nyumba Magomeni, ya udogo unaomtosha mtu mmoja na vitabu. Mimi na Zuhura tukaenda kumsaidia kufungasha. Zuhura alikuwa amekwisha kuposwa, ana bangili, ana maneno. Akachukua mtungi wa maji uliokuwa nyuma ya mlango, na kifuniko cha mtungi kikamshangaza. Akakipangusa kwa kanga. Kilikuwa ubao mwembamba wenye mistari ya shaba iliyopanda, ikashuka, ikapinda.

"He! Mtaalamu! Hii si ile kofia yako?"

Mtaalamu alikuwa amepiga magoti anafunga vitabu kwa kamba. "Ndiyo hiyo," akasema.

"Kumbe uliifanya ya shaba! Unaona, Dada?" Aliniletea karibu. "Mchoro ulikuja kona zote zimemeguka ncha, kila kona, nikasema huyu mzee wa watu karatasi yake imeliwa na mende. Nikamjazia kwa wino. Moja baada ya nyingine, mraba kabisa. Hata mwenye studio sikumwambia." Akamgeukia Mtaalamu, anang'aa. "Na wewe sikukwambia. Nilitaka uone mwenyewe."

Mimi nilikuwa nimeshika upande mmoja wa godoro. Kona zile zote nilizijua. Nilijua kwa nini zilikatwa, niliambiwa na mwenyewe, nikicheka, jikoni kwangu. Sasa niliona mikwaruzo ya wembe juu ya shaba, pale alipokuwa akijaribu kuzirudisha, nikauona mgongo wake uliolowa kwenye ngazi, nikasikia wataulizana mpaka Kariakoo. Kule Kariakoo wangemkuta nani? Wangemkuta msichana wa nyuma ya pazia, asiye na baba, aliyeshika mchoro wa siri wa Serikali na kuuharibu. Siku zile neno hujuma lilikuwa jepesi midomoni. Mtaalamu alilijua hilo alipokaa na wembe wake. Angeweza kusema neno moja likamwokoa, na neno hilo lingekuwa jina la mdogo wangu.

Yatima hangoji kuambiwa. Ilikuwa sauti yangu. Ukiona kombo, nyoosha.

Mtaalamu hakuchelewa hata kidogo. "Niliona," alimwambia Zuhura. "Niliona, mwanangu. Mkono wako ni safi sana. Asante."

Halafu akanitazama mimi, juu ya kichwa cha Zuhura, akainua vidole viwili, akaonyesha mkasi.

Nilibeba godoro mpaka kwenye mkokoteni, nikajifunika kanga mpaka usoni, mwenye mkokoteni akaniuliza kama jua limenizidi.

Kuna watu wanaoweza kubeba hisani. Mimi nilikuwa nimejizoeza kutokuwa na doa mbele ya mtu yeyote, na sasa kulikuwa na mtu mmoja katika mji huu ambaye mbele yake nilikuwa doa tupu. Nikawa namkwepa. Nikimwona kwa mbali sokoni, nilikata kona. Alituma salamu kwa watu, nami nikawajibu watu hao kwamba nitakwenda Magomeni Ijumaa. Zuhura alipoolewa alikuja na zawadi ya sahani, na mimi siku hiyo nikajipa kazi ya kukaa jikoni na masufuria tangu asubuhi mpaka bibi harusi ameondoka. Nilisikia sauti yake ukumbini ikiuliza, "Dada Mkubwa yuko wapi?" Nikapuliza moto uliokuwa ukiwaka vizuri.

Nilimwona mara ya mwisho maduka yalipokuwa yameanza tena kuwa na sabuni. Nilikuwa nimetoka Mchikichini, nikapitia Mnazi Mmoja, mchana, watu wengi wakivuka kwenda mjini. Alikuwa akija upande wangu na fimbo nyeupe, taratibu, akiigusa njia kushoto, kulia. Macho yake yalikuwa na utando kama maziwa yaliyolala. Vifungo vya shati, tundu moja chini.

Kona ya kukata ilikuwepo. Niliitazama. Kisha nikajiambia kwamba kumkimbia mtu asiyeona ni kitu ambacho hata mimi sitaweza kukifua, nikasimama. Labda alisikia kandambili zangu zimesita. Labda vipofu hujizoeza kutanguliza heshima, kwa kuwa hawajui nani yuko mbele yao. Alisimama naye, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama," akasema.

Mtu wa rika la baba yangu. Nikisema mimi ndiye nimwamkie, atajua ameshusha kichwa chake kwa binti wa vitumbua, mbele ya njia nzima. Nikiitikia, nitakuwa nimepokea kutoka kwake kitu kingine tena ambacho si changu. Watu walitupita huku na huku.

Uso wake ukaanza kubadilika. Alikuwa akisikiliza.

"Anayechelewa hivi namjua," alisema. "Dada Mkubwa."

"Mtaalamu. Shikamoo, Mtaalamu. Nisamehe, mimi..."

"Ngoja. Moja moja, zitagongana." Alicheka, meno yamepungua. "Wadogo hawajambo?"

"Hawajambo."

"Zuhura?"

"Ana studio yake sasa, Ilala. Ana watoto."

"Bado ananyoosha kona?"

"Bado."

"Hajui?"

"Hajui. Nimeshindwa kumwambia, Mtaalamu. Na nimeshindwa kukwambia wewe. Lile jambo..."

"Mimi ndiye niliyesema kofia," alinikatiza. "Ningesema ni kitu ambacho hakitakiwi kuguswa, asingekigusa. Mtoto aliona kofia, akaitengeneza kofia. Iache hapo. Usiipeleke kwenye kona kali, itamrudi yeye."

Nilitaka kumwambia yote niliyokuwa nimeyapanga kwa miaka, jikoni, kwa sauti ya ndani. Alikuwa amekwisha kugeuza fimbo yake kutafuta njia, halafu akasita.

"Hujaniitikia," akasema.

"Nini?"

"Shikamoo yangu. Nimeituma, imekufikia. Usiiache irudi mikono mitupu."

"Mtaalamu, siwezi. Wewe ni baba yangu."

"Nimeshaitoa," alisema. Akainamisha kichwa kama zamani barazani, akakisubiri kile kimya.

Nilitazama chini, kwenye vidole vya miguu yangu na vumbi la Mnazi Mmoja. Nikasema marahaba, kwa sauti ndogo, kama msichana aliyeshikwa na kitu cha mtu mkononi. Akatikisa kichwa, akaenda zake.